Maswali na Majibu: Tyuna Inaona Mawimbi, Mbona Haishiki?

Barua za wasomaji wa Dar es Salaam safari hii zimehusu sana jambo moja: tyuna ya televisheni ya kebo kushindwa kushika mawimbi kwenye kompyuta za Linux. Tumechagua sita. Wengi huanza kwa kuilaumu draiva. Tunawaomba waanze kwa kusoma mstari wa hali unaoandikwa na programu, maana ndio unaoonyesha tatizo limekaa wapi: kwenye namba ulizoandika, kwenye waya, au kweli kwenye draiva.

Imekwama kwenye 0x03

*Ndugu wataalamu, ninakaa Upanga na jengo letu lina kebo ya kidijitali. King'amuzi cha kampuni kinaonyesha vizuri. Nimenunua tyuna ya USB yenye chipu ya Si2168, nikaichomeka kwenye laptopu ya Ubuntu kwa waya uleule. Programu ya dvbv5-scan inaandika Carrier(0x03), inakaa kidogo, kisha inahamia masafa mengine. Haijapata chaneli hata moja. Draiva ni mbovu? – Msomaji, Upanga*

Ndugu yetu wa Upanga, draiva yako ni nzima, na namba uliyotuandikia ndiyo shahidi.

Kushika mawimbi kuna hatua tano na kila moja ina thamani yake: kuna nguvu ya mawimbi (1), kuna wimbi la kubebea (2), usahihishaji wa ndani umekubali (4), mpangilio wa pakiti umepatikana (8), na kila kitu kimeshikwa (16). Jumla yake ni 31, ambayo kompyuta huiandika 0x1f. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Ukiona 0x00, waya umekatika, umechomeka tundu lisilo lenyewe, au masafa hayo hayana kitu. Ukiona 0x01, unasikiliza kelele. Ukiona 0x03, tyuna imefika penye mawimbi halisi lakini demodyuleta (sehemu ya chipu inayotoa data kwenye mawimbi) haielewi yamepangwaje. Chipu yako haina hatua za katikati: draiva ya Si2168 huandika 0x00, 0x03 au 0x1f basi. Kwa hiyo usikae kusubiri 0x07.

Kwenye kebo, mtuhumiwa wa kwanza wa 0x03 ni kasi ya simboli, yaani idadi ya alama za data zinazotumwa kila sekunde. Mitandao yenye chaneli za upana wa MHz 8 hutumia sana 6875 au 6900, yaani maelfu ya simboli kwa sekunde. Ukizidisha 6.875 kwa 1.15 unapata MHz 7.9, ndiyo maana inaenea ndani ya chaneli ya 8. Tofauti ya namba hizo mbili ni asilimia 0.36 tu, lakini demodyuleta hutafuta mdundo wa simboli ndani ya ukingo mwembamba kuliko huo. Ukiandika 6900 mahali pa 6875 utabaki kwenye 0x03 mpaka kesho.

Usikisie. Una king'amuzi kinachofanya kazi, nacho kinajua kila kitu. Ingia kwenye menyu yake, tafuta ukurasa wa hali ya mawimbi au wa kutafuta chaneli kwa mkono, upige picha kwa simu. Utaona masafa, kasi ya simboli na aina ya QAM (namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi). Kisha andika faili lako, uliite upanga.conf:

```
[CHANNEL]
	DELIVERY_SYSTEM = DVBC/ANNEX_A
	FREQUENCY = 306000000
	SYMBOL_RATE = 6875000
	MODULATION = QAM/256
	INNER_FEC = NONE
	INVERSION = AUTO
```

Masafa na kasi hapo ni mfano. Weka za kwenu. Halafu:

```
dvb-fe-tool -a 0
dvbv5-scan -a 0 -F -o chaneli.conf upanga.conf
```

Amri ya kwanza inaorodhesha mifumo ambayo tyuna inaijua. Hakikisha DVBC/ANNEX_A, yaani kebo ya mfumo wa Ulaya, imo. Katika ya pili, herufi -F inaizuia programu isirukie masafa mengine yanayotangazwa ndani ya mtandao. Tunaipenda kwa jaribio la kwanza, kwa sababu orodha inayotangazwa na mtandao mdogo wa kebo mara nyingi ni ya zamani, na programu hupoteza muda ikifukuza masafa yaliyokwisha kuhamishwa. Yakishika moja, ondoa -F uiache itafute.

Angalia sifuri zako. Kwa kebo, faili hili linataka masafa kwa Hz na kasi kwa simboli kamili. Anayeandika 306000 au 6875 hafiki hata kwenye 0x03; amri ya `dmesg` itamwonyesha keneli (kiini cha Linux) ikilalamika kwamba frequency au symbol rate iko "out of range", pamoja na mipaka inayokubalika.

Kama kasi ni sahihi na bado 0x03, badili QAM/256 iwe QAM/64, kwani mtandao mmoja unaweza kuchanganya zote mbili. Si2168 hujitambulia yenyewe mawimbi yaliyogeuzwa, lakini chipu nyingine hazijui; kwa hizo jaribu INVERSION = ON, kisha OFF. Kikishindikana hapo, namba zimeshajitetea. Geukia waya, na barua inayofuata itakufaa.

Masafa ya chini yanashika, ya juu hayashiki

*Wahariri, habari za kazi. Niko Kariakoo, ghorofa ya nne. Masafa ya 306 mpaka karibu 500 yanashika, 0x1f, picha safi. Kuanzia 600 ni bahati nasibu, na juu ya 750 hakuna kitu. Fundi wa kampuni alipima ukutani akasema ni dBµV 70. Kutoka ukutani kuna splita ya njia mbili, kisha waya mwembamba wa RG59 wa mita 25, kisha splita ya njia nne ambayo matundu yake mawili hayana kitu. Niliweka busta nyuma ya kompyuta, hali ikawa mbaya zaidi. Mwenzangu anasema nibadili keneli. – Fundi simu, Kariakoo*

Keneli iache ilivyo. Draiva mbovu kwa kawaida haichagui masafa. Waya ndio unaochagua.

Tupige hesabu kwa dBµV, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ukutani 70. Splita ya njia mbili inakula karibu 4, zinabaki 66. RG59 ya mita 25 kwenye MHz 800 inakula karibu 7, zinabaki 59. Splita ya njia nne inakula karibu 8. Kompyuta inapata 51. Kiwango kinachotakiwa kwenye tundu la mteja ni dBµV 54 hadi 74 kwa QAM/256, na 47 hadi 67 kwa QAM/64. Umeshatoka nje ya mstari. Kwenye MHz 306 waya uleule unakula karibu 4 tu, kwa hiyo unafika 54 na kushika, ingawa uko mpakani kabisa. Ndiyo maana chini kuna picha na juu hakuna.

Na hapo tumechukulia kwamba ukutani ni 70 kwenye masafa yote. Muulize fundi alipima masafa gani. Akijibu 306, mwombe apime tena karibu na 800.

Sasa ondoa splita ya njia nne uweke ya njia mbili, maana matundu unayotumia ni mawili. Badili waya uwe RG6, ambao kwa mita 25 kwenye MHz 800 unakula karibu 5. Hesabu mpya: 70, toa 4, toa 5, toa 4 nyingine, unapata 57 bila busta yoyote. Ukilazimika kuwa na tundu tupu, lifunge kwa kizibo cha omu 75. Tundu lililoachwa wazi hurudisha mawimbi nyuma yakagongana na yale yanayokuja, na chaneli mojamoja huanza kusumbua bila mpango unaoeleweka. Soma pia maandishi juu ya splita yenyewe: za zamani nyingi zimetengenezwa kwa masafa ya chini tu, na hakuna hesabu itakayozifanya zipitishe 800.

Busta yako iliharibu mambo kwa sababu mbili. Ya kwanza, uliiweka mwisho wa njia. Huko mawimbi yameshakaribia kelele, na busta hukuza vyote viwili kwa pamoja, kisha inaongeza kelele yake. Busta ikihitajika, mahali pake ni ukutani kabla ya splita ya kwanza, na dB 10 zinatosha. Zile za dB 30 ziache dukani. Ya pili, tyuna haipokei chaneli moja tu, inapokea zote zilizo kwenye waya. Kila idadi ya chaneli ikizidishwa mara mbili, nguvu yote inaongezeka dB 3; zikiwa 64 zimeongeza 18. Tyuna inayopata 75 kwa chaneli moja imebeba 93 kwa jumla, na mlango wake wa kuingilia unaanza kulewa. Dalili za kuzidiwa zinafanana sana na za kupungukiwa. Kuna jaribio rahisi la kuzitenganisha: chomeka kipunguza mawimbi cha dB 6 au 10 mbele ya tyuna. Hali ikipata nafuu, mawimbi yalikuwa mengi mno. Ikizidi kuwa mbaya, yalikuwa machache.

Programu ikikuonyesha nguvu kwa dBm, ongeza 108.75 upate dBµV. dBm -48 ni karibu 61. Zile tyuna zinazoonyesha asilimia tu, usizilinganishe moja na nyingine, kila draiva ina rula yake. Kinachoaminika zaidi ni C/N, yaani mawimbi yamezidi kelele kwa dB ngapi. QAM/64 ipe angalau dB 26, QAM/256 ipe 32. Chini kidogo ya hapo bado itashika, lakini mvua ikinyesha au mtu akiwasha mota utaona chenga.

Kwa anayesoma akiwa na tatizo lililo kinyume, yaani ya juu yanashika na ya chini hayashiki: angalia konekta. Uzi wa katikati usiogusa sawasawa hufanya kazi kama kapasita, hupitisha masafa ya juu na kuyazuia ya chini. Hapa kwetu sababu yake mara nyingi ni hewa ya chumvi. Fungua konekta ya F iliyoko nje, rudisha ganda nyuma uangalie wavu. Ukiwa mweusi au umegeuka unga mweupe, kata waya sentimita chache, angalia tena, endelea kukata hadi ukutane na chuma kinachong'aa. Maji yakiingia hupanda ndani ya wavu kwa mbali kuliko unavyodhani. Konekta mpya iwe ya kubanwa kwa koleo lake, si ya kuzungusha kwa vidole: plastiki nyeupe ifike sawa na sakafu ya konekta kwa ndani, uzi wa katikati utokeze milimita 2 hadi 3 nje ya mdomo, na usiwepo hata unyoya mmoja wa wavu unaogusa uzi huo. Kabla waya haujaingia ndani ya nyumba upinde kuelekea chini ili maji ya masika yadondokee hapo.

Jambo la mwisho kwenu wa maghorofani. Ikiwa yanayosumbua ni masafa ya 794, 802, 810 na 818 peke yake, tazama mnara wa simu ulio karibu. 4G ya bendi ya 800 hushuka kwenye MHz 791 hadi 821, na waya wenye wavu hafifu unaipokea kama antena. RG6 yenye ngao mbili na konekta zilizobanwa humaliza kazi hiyo. Na kila kitu kikipotea pale umeme unapokatika wakati kompyuta yako iko kwenye inveta, amplifaya ya kampuni iliyoko kwenye ngazi za jengo ndiyo imezima. Hapo 0x00 ni jibu sahihi.

Tyuna ya Marekani

*Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwanafunzi, ninakaa Tabata. Kaka yangu aliyeko Marekani alinitumia Hauppauge WinTV-dualHD. Nimeona watu wanaitumia kwa kebo kwenye Linux, lakini yangu inakataa DVBC/ANNEX_A. Ninayo pia tyuna ndogo ya RTL2832U. Ipi inaweza kufanya kazi? – Mwanafunzi, Tabata*

Marahaba, mdogo wetu. Kwa bahati mbaya, hakuna.

WinTV-dualHD ziko mbili kwa jina moja. Ya Ulaya ina Si2168 na inapokea DVB-C (kebo), DVB-T na DVB-T2 (za antena). Ya Marekani ina demodyuleta ya LGDT3306A, inayopokea ATSC (mfumo wa antena wa Marekani) na kebo ya Annex B, yenye chaneli za MHz 6. Annex B ina usahihishaji wa ndani ambao Annex A haina, nao uko ndani ya silikoni. Si jambo la kurekebishwa kwa draiva hata ungekuwa mwandishi wa keneli mwenyewe. Endesha `dvb-fe-tool -a 0`. Ukikuta ATSC na DVBC/ANNEX_B tu, basi ni hiyo. Iuze kwa anayerudi Marekani.

RTL2832U yenyewe ni ya DVB-T tu. Kuna ndugu yake, RTL2832P, anayebebana na chipu ya pili ya MN88472 au MN88473, na huyo anajua DVB-C na DVB-T2. Ila kuna mtego: chipu hiyo ya pili hujiandikisha kama frontend1 (kipokezi cha pili cha tyuna hiyohiyo), na programu nyingi hufungua frontend0 bila kuuliza. Mwenye nayo aongeze `-f 1` kwenye dvbv5-scan. Watu wengi wameitupa tyuna nzima kwa kukosa herufi hiyo.

Ukienda kununua nyingine, usisome sanduku tu, uliza chipu. Na usichukue Raspberry Pi TV HAT kwa ajili ya kebo: chipu yake ya Sony CXD2880 ni ya DVB-T na DVB-T2 peke yake.

Imeshika, lakini picha inaganda

*Ndugu wahariri, nina nyumba ya wageni Kinondoni. Kijana alinifungia Raspberry Pi 3 yenye tyuna mbili za USB na Tvheadend ili vyumba vipate chaneli kupitia mtandao wa ndani. Asubuhi ni nzuri. Jioni wageni wakiwa wengi picha inaganda na kuvunjika vipande. Kijana anasema kebo imechoka, kampuni inasema kebo ni nzima. Nimwamini nani? – Mama wa nyumba ya wageni, Kinondoni*

Mama, kuna namba mbili zitakazokuamulia. Mwambie kijana afungue Tvheadend, ukurasa wa Status, sehemu ya Stream, picha ikiwa inaganda. Kuna safu ya vipande visivyosahihishika na safu ya makosa ya mfululizo wa pakiti. Zote mbili zikipanda, mawimbi yanaingia yakiwa mabaya, na kampuni ina kazi ya kufanya. Vipande visivyosahihishika vikibaki sifuri huku makosa ya mfululizo yakipanda, kebo haina hatia. Pakiti zilifika salama kwenye demodyuleta zikapotea baadaye, njiani kwenda kwenye kompyuta.

Kwa maelezo yako tunatarajia hilo la pili. Chaneli moja ya kebo ya QAM/256 kwa kasi ya 6875 hubeba karibu megabiti 51 kwa sekunde, tyuna mbili zinafika 102. Kwenye Raspberry Pi 3 milango yote ya USB na tundu la mtandao vinapita kwenye njia moja ya USB 2. Asubuhi chumba kimoja kinatazama, njia inatosha. Jioni tyuna zote mbili zinaingiza na vyumba vyote vinatoa, kila kitu kwenye mlango huohuo. Raspberry Pi 4 ina njia tofauti ya mtandao, na hapo ndipo fedha yako itazaa matunda kuliko kubadili kebo.

Kabla ya kununua, apime umeme kwa `vcgencmd get_throttled`. Jibu la 0x0 ni zuri. Jibu la 0x50000 maana yake umeme ulishuka tangu ilipowashwa, na tyuna ya USB ndiyo ya kwanza kuathirika. Chaja ya simu haitoshi. Tyuna mbili zipewe habu yenye umeme wake, na zisigusane. Zinachemka, na chumba kisicho na feni kinazimaliza. Kwenye mipangilio ya Tvheadend awashe Power save ili tyuna isiyotumika ilale. Tyuna ikiamka na kushindwa kushika, azime chaguo hilo: kuna chipu zisizoamka vizuri.

Kama tyuna zinatumia draiva ya em28xx, aweke mstari huu kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, kisha awashe upya:

```
options em28xx usb_xfer_mode=1
```

Unaifanya draiva ipendelee usafirishaji wa USB unaorudia pakiti iliyoharibika, badala ya ule usiorudia.

Na mama, kabla ya yote hayo soma mkataba wako na kampuni ya kebo. Malipo ya nyumba moja kwa kawaida hayaruhusu kugawa chaneli kwenye vyumba vya wageni. Omba kifurushi cha biashara.

Ilikuwa inashika, nimebadili diski haishiki

*Tyuna ileile, waya uleule, faili lilelile la chaneli. Nimebadili diski na kuweka mfumo upya, sasa 0x00 kila mahali. Nikichomeka tyuna, dmesg haina kosa lolote. – Msomaji, Magomeni*

Angalia dmesg tena, lakini safari hii baada ya kujaribu kutafuta chaneli, si baada ya kuchomeka. Draiva ya Si2168 haiombi fimwea (programu ndogo inayoendeshwa ndani ya chipu) wakati wa kuchomeka. Huiomba mara ya kwanza programu inapofungua tyuna. Tunadhani utakutana na mstari kama huu:

```
Direct firmware load for dvb-demod-si2168-b40-01.fw failed with error -2
```

Kosa -2 ni faili kutokuwepo. Diski ya zamani ilikuwa nalo, mpya haina. Mradi wa LibreELEC umekusanya faili hizi kwenye hazina yake iitwayo dvb-firmware. Chukua lenye jina lilelile lililoandikwa kwenye dmesg, herufi kwa herufi, maana b40 si a30. Liweke kwenye /lib/firmware, kisha chomoa tyuna uichomeke upya. Kuwasha kompyuta upya peke yake hakutoshi, kwa kuwa milango mingi ya USB haikati umeme. Ikifanikiwa, dmesg itaandika toleo la fimwea iliyopakiwa.

Ikiwa /dev/dvb haipo kabisa na unatumia Ubuntu ya seva, huenda draiva zenyewe hazijawekwa. Weka `linux-modules-extra-$(uname -r)`. Ikiwa ipo lakini unaambiwa "Device or resource busy", kuna programu nyingine imeishikilia, na mara nyingi ni Tvheadend iliyojiwasha yenyewe. `fuser -v /dev/dvb/adapter0/*` itaitaja. Na ukinyimwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la video kisha utoke na kuingia upya.

0x1f lakini skrini nyeusi

*Imeshika, C/N 37, makosa sifuri, majina ya chaneli yote yametokea. Chaneli tatu zinaonyesha, nyingine skrini ni nyeusi na hakuna sauti. Nibadili mipangilio gani? – Msomaji, Ilala*

Hakuna cha kubadili. Kushika mawimbi ni kupokea pakiti. Kuzifungua ni jambo jingine. Chaneli nyeusi zimefungwa kwa ajili ya waliolipia, na funguo ziko kwenye kadi ya king'amuzi chako. Hakikisha kwa dvbv5-zap, programu ya kufungua chaneli mojamoja, chaneli moja inayoonyesha na moja nyeusi: zikiwa kwenye masafa yaleyale na zote zinafika 0x1f, tyuna, waya na draiva vimemaliza kazi yao. Tvheadend pia itaandika "scrambled" kwenye kumbukumbu zake unapoifungua chaneli hiyo.

Njia halali ni tyuna yenye tundu la CI (la kuingizia moduli ya kadi ya malipo) pamoja na moduli na kadi kutoka kwa kampuni yako, ikiwa wanatoa. Waulize kabla hujanunua tyuna ya namna hiyo, kwa sababu ni ghali, na pasipo moduli yao tundu hilo halitakusaidia. Wakisema hawatoi, tumia tyuna kwa chaneli zile tatu, na zilizobaki zitazame kwa king'amuzi.